Mnong'ono kwa Aliyelala

Daktari Namkunda aliniambia kwamba mashine ingeweza kuwa mama yangu kwa muda wote uliobaki.

"Inaitwa Mjibizi," alisema. "Tunaipa mazungumzo yote ambayo Bibi aliwahi kuandika, inajifunza mtindo wake, kisha inamjibu Lugano. Hatatambua."

"Mama yangu akiwa na njaa alikuwa anashindwa hata kuwa yeye mwenyewe," nikamwambia. "Mashine yenu itaweza wapi?"

Hakucheka. Tulikuwa tumesimama upande huu wa kioo, na binti yangu Lugano amelala upande wa pili, mapafu mapya yakikua kifuani mwake kama miche kwenye kitalu. Ya kwanza aliyaacha kwenye moshi bweni la chuo lilipoungua. Alikuwa ameshatoka nje salama, akarudi ndani kufuata kompyuta. Kompyuta! Kila nikilikumbuka hilo natamani aamke ili nimchape, kisha nimbebe mgongoni.

Mapafu ya kuoteshwa hayashiki kwa mtu aliye macho. Atakohoa, atacheka, atapanda ngazi, na nyama changa itachanika. Kwa hiyo Kituo humlaza mgonjwa miezi mingi. Lakini akili nayo ukiiacha gizani miezi yote hiyo inarudi na mapengo, mtu anaamka hajui jina la dada yake. Ndiyo maana wanawaingiza waliolala kwenye Milima Saba, mchezo uleule wa mtandaoni ambao nusu ya nchi inaucheza. Humo ndani Lugano anatembea, anafuga mbuzi, anajenga madaraja. Anajua amelala. Wachezaji wengine wanamjua kwa kitambaa cheupe alichofungwa mkononi. Kinachokatazwa ni sauti tu, kwa sababu sauti ya mtu unayempenda inautikisa moyo. Tunaandikiana.

Na kuna katazo jingine, ambalo ndilo lililonileta mbele ya kioo kile nikiwa bado nimefunga kanga ya msiba kiunoni. Aliyelala hapewi habari ya kifo. Mwaka juzi kijana mmoja aliambiwa kuhusu baba yake. Moyo ulikimbia, damu ikasukuma kwa nguvu, mapafu yakachanika kama karatasi iliyolowa.

"Bibi alikuwa akiingia kila siku jioni," Daktari alisema. "Amekosekana siku kadhaa sasa. Lugano ameanza kuuliza, na akiuliza sana moyo wake unapanda. Lazima mtu ajibu."

"Atajibu mtu," nikasema. "Kama ni kumdanganya mwanangu, nitamdanganya mwenyewe. Sikodi mtu."

*

Mama aliingia Milima Saba akiwa na miaka sabini na moja, kwa ajili ya mjukuu. Alipoambiwa achague umbo alikataa kuwa mzee. Alichagua mwanamke mrefu wa futi sita, mabega kama mlango, mkuki mkononi, akajiita MamaNdizi. Nilipolifungua umbo lile kwa mara ya kwanza lilikuwa limesimama palepale alipoliacha, kwenye boma la mbuzi, likiangalia bonde.

Kuna njia mbili za kumwandikia mtu faragha mle ndani. Unaweza kuandika /nong'ona, kisha jina lake, kisha maneno yako. Au kama una haraka unaandika /jibu, na maneno yanakwenda kwa yule wa mwisho aliyekunong'oneza. Wengi tunatumia /jibu, kwa kuwa nani ana muda wa kuandika majina?

Dakika haikupita, maandishi ya zambarau yakatokea chini ya skrini.

Lugano: Bibi! Shikamoo. Ulikuwa wapi wiki nzima?

Nikaandika kama Mama angeandika.

/jibu Marahaba mjukuu wangu. Mtandao ulikuwa unasumbua huku kwetu.

Lugano: Nikajua umenisusa. Mama yupo?

/jibu Mama yako yuko kazini. Anagombana na watu.

Lugano: Hahaha. Hiyo ndiyo kazi yake hasa.

Basi nikakaa pale, mwanamke mwenye stashahada ya ufundi umeme na mafundi kumi na wawili wanaonyamaza nikiingia karakana, nikasoma mwanangu akinicheka. Nikacheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kila siku nikitoka kazini nilikuwa Bibi kwanza, kisha nafunga, nafungua umbo langu mwenyewe, nakuwa Mama. Kama Mama nilimuuliza kama anafuata ratiba ya mazoezi ya akili, naye alijibu ndiyo, hapana, sawa. Kama Bibi sikumuuliza chochote, naye alinimwagia yote. Alinieleza habari za kijana mmoja anaitwa Ipyana, wa darasa lao, anayeingia mchezoni kumsaidia kubeba mawe. Alinieleza kwamba katika ndoto zake za ndani ya usingizi bado anasikia harufu ya magodoro yakiungua. Na siku moja akaandika hivi:

Lugano: Bibi, usimwambie Mama. Naogopa kuamka.

Niliikodolea macho sentensi ile. Mama angeijibu vipi? Mama alikuwa na maneno laini kwa kila mtu isipokuwa mimi, nami nimerithi ukali wake tu.

/jibu Simwambii.

Hilo tu. Halafu nikafunga skrini nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mtu mmoja tu mle mchezoni ndiye niliyemweleza ukweli. Alikuwa mzee wa Muleba, Mzee Ndibalema, mwalimu mstaafu, ambaye yeye na mama yangu walikuwa wamejenga utani wao mzito juu ya ndizi. Hawakuwahi kuonana. Yeye alimwita mama "mchumba" na kudai kwamba Wanyakyusa hawajui kupika ndizi, wanazichemsha tu kama nguo. Mama alimjibu kwamba Mhaya ukimnyima ndizi atashiba majigambo. Nilipomwambia mchumba wake hayupo tena, aliandika: "Ameshindwa mjadala ndiyo maana amekimbia." Baada ya hapo hakuonekana siku nyingi.

*

Jumapili mchana nilikuwa Kituoni, katika chumba cha wageni, kompyuta ndogo mapajani. Kupitia kioo niliuona mguu wa Lugano chini ya shuka. Ndani ya mchezo alikuwa akimalizia daraja la mbao juu ya korongo, nami, mrefu wa futi sita, nilikuwa nikimpelekea kamba.

Maandishi ya zambarau yakatokea.

Ndibalema: Mama Lugano, pole tena mwanangu. Nilishindwa kuingia humu, kila mahali namwona yeye. Nataka kujua tu, mlimlaza wapi mchumba wangu?

Nilimjibu kwa moyo wote. Ilikuwa nafuu kuandika jambo la kweli kwa mikono ileile.

/jibu Asante Mzee wangu. Tulimzika kwake, nyuma ya jiko, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe. Watu walikuja wengi mno. Lugano bado hajui, tafadhali usimdokeze.

Nikabonyeza. Hapo ndipo nikaona kwamba kati ya ujumbe wa Mzee na jibu langu kulikuwa na mstari mwingine, ulioingia wakati nimeinamia herufi.

Lugano: Bibi njoo haraka, daraja limeisha!!

Wa mwisho kuninong'oneza alikuwa yeye. Jibu lilikwenda kwake.

Umbo lake lilikuwa limesimama katikati ya daraja, kitambaa cheupe kikipeperuka.

Lugano: Mmemzika nani

Lugano: Bibi?

Lugano: Wewe ni nani

Upande wa pili wa kioo kengele ilianza kulia, si kwa kelele, kwa mlio mdogo wa haraka kama kifaranga aliyepotea. Daktari Namkunda aliingia akikimbia, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Alitazama skrini yangu, akasoma, akafumba macho.

"Nimekosea," nikasema. "Nilikuwa namjibu mwingine."

"Haidhuru sasa. Moyo mia na kumi na nane, unaona? Unapanda." Alikuwa ameshafungua kibao chake cha amri. "Sikiliza mama. Kumbukumbu ya aliyelala inachukua muda kuganda, kama uji. Kabla haijaganda naweza kuiondoa. Nafuta ujumbe kwenye mchezo, namwongezea dawa ya kusahau kwenye mrija, na robo saa hii yote inakuwa haikutokea. Lakini sheria inataka mlezi akubali. Sema ndiyo."

"Atakuwa wapi akifutiwa?"

"Pale alipokuwa. Daraja limeisha, anamwita bibi yake."

"Na mimi nitakwenda."

"Ndiyo. Utakwenda umsifu daraja lake."

Ilikuwa rahisi hivyo. Neno lilikuwa mdomoni. Mia na ishirini na nne. Nani angenilaumu? Nilimzaa mtoto huyu akiwa na kilo mbili kasoro, nikamlaza kifuani mwezi mzima kwa kuwa kulikuwa na mgao wa umeme na vyombo vya joto havikufanya kazi. Sikumlea ili nimuue kwa habari.

Lugano: Mama ni wewe?

Lugano: Ni wewe ulikuwa unanijibu siku zote hizi

"Mama Lugano," Daktari alisema.

"Nipe dakika."

"Sina dakika za kukupa. Zilizopo ni zake."

Zilikuwa zake. Hilo ndilo lililonishika. Daktari alilisema kwa hofu tu, lakini mimi nililisikia hivyo. Dakika zilikuwa zake, na bibi alikuwa wake, na sisi wawili tulisimama hapa tukigawana kitu cha mtu aliye hai kana kwamba ni cha kurithiwa. Mtoto ana miaka ishirini. Nikaandika, na mara hii nikaandika jina.

/nong'ona Lugano Ni mimi, Mama. Bibi amefariki. Nimekuwa nikikujibu kwa jina lake kwa sababu habari hii inaweza kukuchana mapafu. Sasa hivi moyo wako unakimbia. Wanaweza kukufutia hii robo saa, hutakumbuka, utaendelea na daraja. Unataka wakufutie?

"Unafanya nini?" Daktari alinong'ona. "Humuulizi mgonjwa hivyo!"

"Mimi ndivyo ninavyouliza."

Mia na thelathini. Kifaranga alizidi kulia. Nilimwona mwanangu kwa macho, mdomo umefunikwa, kope zikitetemeka. Na nilimwona kwenye skrini, binti mdogo wa rangi juu ya daraja. Sikujua yupi wa kumwangalia.

Lugano: Wakifuta, wewe utamlilia na nani?

Niliisoma mara ya pili. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijamlilia mama yangu. Nilipanga mazishi, nikagawa chakula, nikawalipa wapiga matarumbeta, kisha nikapewa kazi ya kuwa yeye.

Lugano: Wasifute

"Amesema hapana," nikamwambia Daktari.

"Amelala. Kisheria anayesema ni wewe."

"Basi na mimi nasema hapana."

Alinitazama kama mtu anayetaka kunizaba kofi na kunikumbatia kwa pamoja. Kisha akaweka kibao chake cha amri juu ya kiti. "Basi mshushe huo moyo wewe. Dawa ya kumtuliza nikiongeza hata tone, inasimamisha ukuaji. Mshushe, mama. Upesi."

Sijui kubembeleza. Najua kutoa maelekezo.

/nong'ona Lugano Kaa chini hapo hapo darajani.

Lugano: Nimekaa

/nong'ona Lugano Umeshika bakuli la uji wa moto. Upulize upoe. Taratibu, usimwagike.

Lugano: Mama nina miaka 20

/nong'ona Lugano Puliza.

Mia na thelathini na moja. Ishirini na nane. Ishirini na tano. Daktari alikuwa ameshika ukingo wa dirisha, midomo yake nayo imechongoka kama anapuliza. Nikagundua na mimi nafanya hivyohivyo. Wanawake wawili watu wazima, tunapoza uji usiokuwepo.

Mia na kumi na tisa.

Lugano: Alikuwa peke yake?

Daktari aligeuka akasoma. Akatikisa kichwa, polepole. Nilimwelewa. Ningeweza kuandika kwamba nilikuwa nimemshika mkono. Nani angebisha? Picha ingekuwa nzuri, na mwanangu angeitunza maisha yake yote, na kila akiitaja mimi ningeangalia mlango, nisiweze kumtazama usoni.

/nong'ona Lugano Ndiyo. Alikuwa peke yake jikoni anamenya ndizi. Jirani alimkuta.

Mia na thelathini na sita. Taa nyekundu iliwaka juu ya kitanda, na nesi wa zamu akaingia mbio kule ndani. Daktari akasema jambo kwa Kipare ambalo sidhani lilikuwa sala.

Lugano: Aliteseka?

/nong'ona Lugano Sijui. Kisu kilikuwa bado mkononi na ndizi imemenywa nusu. Nadhani ilikuwa haraka. Sina hakika, siwezi kukuambia nisilolijua.

Umbo lake halikusogea. Nilishika kingo za kompyuta. Nilifikiri: basi, nimeshamaliza, nimemwua kwa ukaidi wangu. Kisha mstari mmoja ukaingia.

Lugano: napuliza

Ikashuka. Haikushuka kwa pamoja, ilishuka kama mtu anayeteremka mlima wenye utelezi, hatua moja, anashikilia, nyingine. Taa nyekundu ilizimika. Nesi kule ndani aliinua kidole gumba bila kugeuka.

Daktari Namkunda alikaa sakafuni, pale pale, na kufunga kamba ya kiatu chake.

*

Pembe ya pafu la kushoto ilikuwa imechanika. Waliniambia baadaye jioni hiyo, kwa picha na vipimo. Itabaki na kovu, na Lugano atalala mpaka mvua zitakapoanza tena, badala ya kuamka mwezi ujao. Niliuliza kama atapumua mwenyewe. Atapumua. Niliuliza kama ataweza kupanda milima ya kwetu. Daktari alisema atapanda akipumzika njiani, kama watu wengine wote wenye akili.

"Ungekubali nifute, pafu lingekuwa zima," aliongeza. Hakusema kwa ubaya. Alitaka nijue nimenunua nini.

"Najua."

"Na ningekuwa na wewe tena hapa mwezi mzima, ukijifanya bibi."

"Hilo nalo najua."

Nilirudi kwenye kompyuta. Lugano alikuwa bado amekaa darajani, na pembeni yake kulikuwa na mzee mmoja mwenye kofia ya pama. Mzee Ndibalema. Alikuwa ameelewa kilichotokea kwa kutojibiwa. Aliponiona nafika na umbo la mama yangu alisogea kunipisha.

Ndibalema: Mwambie binti kwamba bibi yake alikuwa ananidai mjadala mmoja. Nitakuja kuulipa pale nyuma ya jiko, na mkungu wa ndizi za Muleba, ili aone haya huko aliko.

Nikamwandikia Lugano maneno hayo, na jina lake mbele. Akaweka alama ya kicheko, moja tu. Kisha:

Lugano: Yale niliyomwambia Bibi. Uliyasoma

/nong'ona Lugano Niliyasoma.

Lugano: Yote?

/nong'ona Lugano Yote.

Lugano: Hata ya Ipyana??

/nong'ona Lugano Hata hayo. Ana kazi?

Lugano: MAMA

/nong'ona Lugano Nimeuliza tu. Na lile la kuogopa kuamka nililisoma pia. Halikuwa langu, nisamehe. Lakini kwa kuwa nimeshalisoma nikuambie. Mimi pia naogopa siku utakayoamka. Tutaogopa wote mchana huo, halafu utakula.

Mstari wa moyo wake kwenye skrini ya ukutani ulikuwa unatembea kama mtu anayetoka sokoni.

Lugano: Nani alimwosha?

/nong'ona Lugano Mimi na mama yako mdogo.

Lugano: Kwa maji ya moto?

/nong'ona Lugano Ya moto. Tulichemsha sufuria mbili. Alichukia baridi, ningethubutu vipi?

Lugano: Na nywele?

/nong'ona Lugano Nilimsuka mwenyewe. Mistari mitatu. Ilipinda kidogo.

Lugano: Angekugombeza

/nong'ona Lugano Angenigombeza sana.

Lugano: Nisimulie yote Mama. Anza mwanzo kabisa, simu ilipopigwa. Usinirukie kitu hata kidogo

Niliweka vidole kwenye herufi. Simu ilipigwa nikiwa karakana, nimepanda ngazi, nyaya mkononi. Nakumbuka niliimalizia ile kazi kwanza, nikafunga skrubu ya mwisho, ndipo nikashuka. Nilitaka kuanza hapo. Lakini herufi zilikuwa zimeanza kuungana, na kitufe kimoja kilikuwa kimelowa.

/nong'ona Lugano Ngoja kidogo. Sioni vizuri.

Umbo la mwanangu lilisogea kwenye mbao, likaketi bega kwa bega na lile jitu la futi sita.

Lugano: Lia tu Mama. Mimi nimelala, siendi popote